Baba amebakiza siku 19 za mionzi, anataka kuacha

Maswali ya wasomaji hujibiwa na Sista, muuguzi aliyefanya kazi miaka 22 katika kitengo cha tiba ya mionzi. Barua tatu za toleo hili zinahusu saratani ya mapafu ambayo madaktari wamesema haipasuliwi.

Swali la kwanza

Shikamoo Sista. Baba yangu ana miaka 66. Ana saratani ya pafu la kulia, ile wanayoiita isiyo ya seli ndogo, hatua ya tatu. Kwa kuwa imeingia kwenye tezi za katikati ya kifua, madaktari walisema hapasuliwi. Wakampangia mionzi, pamoja na kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, mara moja kwa wiki. Kadi yake imeandikwa 60/30. Amekwenda siku 11. Tangu juzi kumeza kunamuuma, anasema ni kama tonge limekwama katikati ya kifua, na jana alikunywa maji akatoa machozi. Asubuhi hii amesema haendi tena.

Baba mdogo anamuunga mkono. Anasema ukishaambiwa hupasuliwi ujue wamekurudisha nyumbani kwa lugha ya upole, na mionzi inamuunguza bure. Amemletea vidonge vya virutubisho, eti vinasafisha mionzi mwilini. Mke wa kaka naye amewazuia watoto wasimkaribie babu yao. Sigara ameacha mbele yetu, lakini harufu naisikia kwenye koti lake. Mimi ndiye ninayempeleka kila siku na sina la kuwajibu. Je, tumlazimishe? Au apumzike wiki mbili, akipata nafuu aendelee?

Binti wa mzee

Jibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilipofika nilikupigia siku ileile, maana jarida lingekuchelewesha, na umeniruhusu niandike hapa kwa urefu yale niliyokuambia mbiombio kwenye simu.

La kwanza lilikuwa hili: kesho mrudishe kitengoni, na kabla hajapanda kwenye meza ya mashine aseme kwa mdomo wake kwamba kumeza kunamuuma. Asingoje kuulizwa. Wazee wa rika lake ukiwaamkia hujibu "sijambo" kwa heshima tu, wakapanda, wakashuka, wakarudi nyumbani na njaa yao.

Nina sababu ya kulisema kwa mkazo. Mwaka wangu wa tatu kazini tulikuwa na mzee mmoja, seremala aliyestaafu, kadi yake kama ya baba yako, 60/30. Kila asubuhi alikuja na leso iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya viatu vyake kabla ya kulala mezani. Siku ya 14 niliona leso imelowa mate, na kila alipojaribu kumeza mkono wake ulikwenda kifuani. Niliona. Foleni ilikuwa ndefu, nikajiambia nitamuuliza kesho. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Tulipowapata kwa simu, mkewe alisema mzee anaamini mashine imemuunguza ndani na sisi tunamficha. Hakuna aliyekuwa amemwambia mapema kwamba maumivu yale yatakuja, kwamba yana dawa, na kwamba yatapita. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Alirudi baada ya miezi mitano, uvimbe umekwisha kukua, na ule mpango wa mwanzo haukuwezekana tena. Tangu hapo, kila mgonjwa wa kifua aliyeanza siku ya kwanza niliketi naye, nikachora umio kwenye karatasi, nikamwonyesha: hapa patauma, kuanzia wiki ya pili au ya tatu, na siku patakapouma uniambie mimi.

Umio, yaani njia ya chakula, unapita katikati ya kifua, nyuma ya bomba la hewa, jirani kabisa na zile tezi zilizoshikwa na saratani. Mionzi ikielekezwa kwenye tezi, umio nao hupata sehemu yake. Utando wa ndani wa umio una seli zinazozaliwa upya kila mara, na seli za namna hiyo ndizo zinazoumia upesi zaidi. Ndiyo maana panachubuka. Si kwamba mashine imekosea, wala si kwamba saratani imepanda kooni, jambo ambalo wagonjwa wengi huliogopa kimoyomoyo bila kulitamka.

Kemo ikitolewa sambamba na mionzi, mchubuko huzidi. Mwaka 2010 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha majaribio kadhaa: kwa waliopewa vyote viwili kwa pamoja, 18 katika kila 100 walipata maumivu makali ya umio, na kwa waliopewa kemo kwanza kisha mionzi walikuwa 4. Lakini uchambuzi huohuo ulionyesha kwamba waliopewa kwa pamoja waliishi muda mrefu zaidi. Kwa hiyo madaktari wa baba yako walichagua njia iliyo kali kwa makusudi, kwa kuwa walimwona ana nguvu za kuistahimili. Walichopaswa kufanya ni kumwambia.

Akishasema, kuna mengi ya kumfanyia. Kuna dawa ya maji ya kutia ganzi, anaimeza dakika chache kabla ya kula. Kuna dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa sababu asidi ikipanda kwenye kidonda humkosesha usingizi. Kuna dawa za maumivu za maji, hadi mofini, na mofini msiikimbie: katika hali hii hutolewa ili mtu aweze kula, na kidonda kikipona hupunguzwa taratibu mpaka ikaachwa. Wamwangalie pia kinywani kwa tochi. Wakiona utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, hao ni fangasi, na dawa yao ni nyingine kabisa.

Chakula kiwe laini, kiwe vuguvugu, kiwe kidogo kidogo mara sita kwa siku badala ya sahani tatu kubwa. Mayai, maziwa, supu nzito, chochote kilichopondwa. Pilipili, ndimu, pombe na vinywaji vya moto sana viwekwe kando kwa sasa. Apimwe uzito kila wiki, na namba iandikwe. Akishindwa kumeza hata maji, au mkojo ukawa mchache na wa rangi nzito, hapo anahitaji dripu, na wakati mwingine mpira wa kulishia kwa siku kadhaa. Na kwa kuwa yuko kwenye kemo, joto likifika nyuzi 38 mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, maana kinga yake iko chini.

Maumivu haya huwa makali zaidi karibu na mwisho wa mionzi au siku chache baada yake. Kisha hupungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili hadi nne, mpaka siku moja anajikuta anakula na hajakumbuka kwamba palikuwa panauma.

Sasa la baba mdogo. Naelewa anakotoka, kwa sababu neno "hapasuliwi" linatisha, na madaktari wetu hulisema haraka mno. Kisu hufanya kazi pale ambapo daktari anaweza kuutoa uvimbe wote na kuacha pafu la kutosha kupumulia. Saratani ikiwa imeshika tezi za katikati ya kifua, penye mishipa mikubwa ya damu, moyo na bomba la hewa, kupasua kunaweza kumwumiza mtu na bado kuacha saratani ndani. Wengine hawapasuliwi kwa sababu moyo au mapafu yao hayawezi kuhimili upasuaji, ingawa uvimbe wenyewe ni mdogo. Hao wote hawapasuliwi, lakini hawajaachwa. Mionzi inafika mahali ambapo kisu hakifiki.

Kama baba mdogo hasadiki, mwonyeshe kadi. Hiyo 60 ni jumla ya dozi kwa kipimo kinachoitwa grei, kwa heshima ya mwanafizikia wa Uingereza, Louis Harold Gray. Hiyo 30 ni idadi ya mara atakazolala mezani. Ni grei 2 kila siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki sita. Ratiba hii ni ya kulenga kuponya. Tiba ya kutuliza tu huwa na namba ndogo zaidi, tano, mbili, hata moja, nami nitaieleza kwenye barua ya tatu. Hakuna daktari anayempangia mtu siku 30 za safari na kemo juu yake kwa ajili ya kumliwaza. Lengo si ahadi, na mnapaswa kulijua hilo, lakini lengo walilojiwekea ni kubwa kuliko baba mdogo anavyodhani.

Uliuliza kuhusu kupumzika wiki mbili. Hapa ndipo nilipokushikilia zaidi kwenye simu. Mionzi huvunja vinasaba ndani ya seli. Seli nzima hujirekebisha kati ya leo na kesho, ila za saratani hushindwa kujirekebisha vizuri, na kila siku madhara yake hulundikana. Ndiyo sababu dozi hugawanywa vipande 30 badala ya kutolewa kwa mkupuo. Lakini baada ya wiki kadhaa za tiba, zile seli za saratani zilizosalia huanza kuzaana kwa kasi kuliko mwanzo. Ukizipa wiki mbili, siku 11 alizokwisha kuvumilia zinaanza kupoteza kazi yake. Wikendi zimeshahesabiwa kwenye mpango, lakini wiki mbili hazimo.

Uliniambia baadaye kwamba amekosa siku moja tu. Basi waulize namna ya kuifidia. Vitengo vingine humleta mgonjwa Jumamosi, vingine humtibu mara mbili kwa siku moja, zikipita saa sita au zaidi katikati. Wao ndio watakaoamua, ila ni lazima mtu aulize. Hata mashine ikiharibika na siku ikapotea bila kosa lenu, ulizeni vilevile.

Kuna na swali ambalo hukuuliza lakini wengine huniuliza: kwa nini wasiongeze dozi amalize kabisa? Walijaribu. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2015 liliwapa wengine grei 74 na wengine 60. Nusu ya waliopewa 60 walikuwa bado hai baada ya miezi 28.7. Kwa waliopewa 74, nusu walifikia miezi 20.3 tu. Ndani ya kifua kuna moyo na mapafu yenyewe, na mionzi ikizidi navyo huumia. Kwa hiyo 60 aliyoandikiwa haikubahatishwa.

Vidonge vya "kusafisha mionzi" naomba muviweke kabatini. Mionzi ya mashine hii haibaki mwilini, kwa hiyo hakuna cha kusafisha. Na vingi vya vidonge hivyo vina dozi kubwa za vitamini zinazokinga seli zisiharibike, ambazo huenda zikazikinga hata seli za saratani. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Ufini lililohusisha wanaume wavutaji 29,133. Waliopewa betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A na iliyodhaniwa ingewakinga, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Chupa yenyewe mpelekeeni daktari aisome. Kama mzee ana upungufu wa vitamini fulani, watampima na kumpa.

Wajukuu warudi kwa babu yao leo. Mashine ikizimwa mionzi imekwisha, kama taa ikizimwa mwanga unavyokwisha. Hatoki nayo kwenye ngozi, kwenye mate, wala kwenye nguo. Sisi wahudumu tunatoka chumbani wakati inapowaka kwa sababu tungepigwa nayo kila siku na kila mgonjwa mwaka mzima, lakini ikizimika tunaingia palepale na kumshika mkono ashuke. Kwa kuwa kemo imemshusha kinga, mtoto mwenye mafua ndiye asikae karibu naye. Kinachokatazwa hapo ni kumwambukiza mzee.

Kuhusu koti lenye harufu, usimfume. Moshi hupunguza oksijeni kwenye damu, na mionzi huhitaji oksijeni ili iue seli za saratani vizuri. Pia huzidisha kidonda cha umio. Mwambie hivyo kwa faragha, umwambie na kwamba daktari anaweza kumwandikia nikotini ya kubandika au ya kutafuna. Wengi waliovuta miaka 40 hawakuacha kwa kufokewa.

Na kumlazimisha? Hapana. Mwili ni wake. Ila mtu anayekataa akiwa katika maumivu anaweza kuwa anakataa maumivu tu. Apewe dawa kwanza, ifanye kazi, ndipo umuulize tena, na baba mdogo asiwepo. Muulize hasa ni kitu gani hakitaki. Nimewahi kukaa na mama aliyekataa mionzi kwa siku tatu, kumbe alichokuwa anakataa ni kulala mikono ikiwa juu ya kichwa dakika 15 na bega lake bovu. Tulimpa dawa ya maumivu nusu saa kabla, tukaweka mto mdogo chini ya kiwiko, akaendelea. Huenda mzee wako naye ana bega lake ambalo hajalitaja.

Mkishavuka siku ya 30 kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, ulizeni kabla hamjamaliza kuhusu dawa ya kuamsha kinga ya mwili inayoitwa durvalumabu. Hutolewa kwa dripu hadi miezi 12 kwa mtu ambaye saratani yake haijaendelea baada ya mionzi na kemo, na katika jaribio lililoithibitisha ilianzwa ndani ya siku 42. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 2017. Baada ya miaka mitano, waliokuwa hai ni asilimia 42.9 ya walioipata na asilimia 33.4 ya wasioipata. Haimfai kila mtu. Inategemea vipimo vya kile kinyama cha uvimbe walichokata mwanzoni ili kukipima, na wenye badiliko fulani la kinasaba kiitwacho EGFR wana vidonge vyao, osimertinibu. Kwa hiyo swali lenu liwe: kinyama cha baba kimepimwa nini na nini?

La pili ni kikohozi kikavu, kuishiwa pumzi na homa ndogo vinavyoweza kuja kati ya mwezi mmoja na sita baada ya mionzi, wakati kila mtu ameshapumua. Pafu lililopigwa na mionzi linaweza kuvimba ndani. Watu huandikiwa dawa za nimonia, wakarudia tena na tena bila nafuu. Popote mtakapompeleka, sentensi ya kwanza iwe "alipata mionzi ya kifua", na mtaje mwezi. Tiba yake mara nyingi ni vidonge vya steroidi vinavyopunguzwa polepole kwa wiki kadhaa. Asiviache ghafla siku atakapojisikia vizuri.

Swali la pili

Habari za kazi Sista. Mama yangu ana miaka 78 na mapafu yake yamechoka kwa ugonjwa sugu wa muda mrefu. Wamemkuta na uvimbe wa sentimita 2 pembeni mwa pafu la kushoto, haujasambaa. Kupasuliwa hawezi. Sasa wamesema mionzi mara tatu tu, basi. Tuliokuwa nao kwenye foleni wanapewa siku 30. Naona kama wamemkatia tamaa kwa sababu ya umri. Nikatafute kwingine?

Kijana wa mama

Jibu

Nzuri, mwanangu, na mama mpe pole. Kwanza futa hilo la kukatiwa tamaa. Mara tatu za mama yako si tatu kama za mzee wa barua ya kwanza. Mpango unaojulikana sana wa namna hii ni grei 54 kwa mara tatu, yaani 18 kila mara, ambayo ni mara tisa ya dozi yake ya siku moja. Inawezekana kwa sababu uvimbe ni mdogo na uko pembeni. Miali hutoka pande nyingi, kila mmoja ukiwa dhaifu, ikakutana yote kwenye uvimbe. Pafu linalouzunguka hupata kidogo.

Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 55 wa aina ya mama yako, uvimbe mdogo lakini miili isiyoweza upasuaji, waliopewa hivyohivyo. Baada ya miaka mitatu, uvimbe wenyewe ulikuwa umedhibitiwa kwa asilimia 97.6. Nakupa na namba ya pili ili usije ukaona nimekuficha: waliokuwa hai baada ya miaka hiyo mitatu ni asilimia 55.8, kwa kuwa wengi walikuwa na maradhi mengine mazito, na wengine saratani ilijitokeza penginepo.

Kwa kuwa dozi ni kubwa, mahali pa kulenga hapana budi pawe sahihi kabisa, na pafu halitulii. Watampiga picha ya skani inayofuata kupumua kwake, wakaona uvimbe unapanda na kushuka kiasi gani. Watamlaza kwenye mto unaochukua umbo la mgongo wake. Siku ya tiba yenyewe anaweza kukaa mezani nusu saa hadi saa nzima, tofauti na wale wa dakika 15. Siku hizo tatu huachana, hazifuatani. Uvimbe ungekuwa karibu na matawi makubwa ya hewa, katikati ya kifua, wangeigawa mara tano au nane, kwa sababu mara tatu huko ni hatari. Kwa hiyo kama kuna la kuuliza, uliza hili: uvimbe uko umbali gani kutoka kwenye matawi makubwa ya hewa?

Atachoka wiki moja au mbili. Miezi kadhaa baadaye anaweza kusikia maumivu ya ubavu upande huohuo, maana mfupa wa ubavu ulio jirani hudhoofika. Aseme, asidhani saratani imerudi. Na picha zake za baadaye zitaonyesha kovu pale palipotibiwa, kovu ambalo kwa daktari asiyejua historia linafanana na uvimbe. Zile picha za mwanzo zitunze.

Swali la tatu

Sista, mume wangu saratani ya pafu imeshafika mifupani. Anakohoa damu, kijiko kwa siku, wakati mwingine zaidi, na usiku anaogopa kulala. Wameniambia watampa mionzi ya siku tano na haitaponya. Kama haiponyi, kwa nini wamsumbue?

Mke wake

Jibu

Pole sana, dada yangu. Wamekuambia ukweli, na nawashukuru kwa hilo. Siku hizo tano, kwa kawaida grei 20 kwa jumla, hazikuwekwa kwa ajili ya kuondoa ugonjwa. Zimewekwa kwa ajili ya ile damu. Kati ya dalili zote za kifua, kukohoa damu ni mojawapo ya zile zinazotii mionzi vizuri zaidi, mara nyingi ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Mtu aliyekuwa analala ameketi kwa hofu hulala chini tena. Mimi nimeona watu wakifurahia wiki hizo kuliko walivyofurahia miezi kabla yake.

Akiwa dhaifu sana wa kusafiri siku tano, ulizeni kama wanaweza kumpa mara moja tu, grei 8, au mara mbili zikiachana wiki. Kwa dozi kubwa ya mara moja, usiku ule anaweza kupata maumivu ya kifua, kutetemeka na homa ya muda mfupi, kwa hiyo ombeni dawa ya maumivu kabla hamjaondoka. Na kama anatumia dawa za kuyeyusha damu, au aspirini, mtaje mapema.

Muulize daktari leo damu inatoka pafu lipi, uandike mahali utakapopaona usiku. Ikija nyingi kwa mkupuo, mlaze ubavu kwa upande wa pafu lenye ugonjwa, upande huo uwe chini, ili damu isimiminikie pafu lililo zima, na mumkimbize hospitali. Taulo la kando ya kitanda liwe la rangi nyeusi au nyekundu iliyokolea. Kwenye taulo jeupe hata kijiko kimoja huonekana kama kikombe, naye anatazama.